Kondoo wa Bi Olwen

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya jeneza la Emrys, katika ukumbi wa kuchomea maiti mwendo mfupi kutoka Longbridge, nikamsema kwa lugha yake mwenyewe kwa dakika nne nzima, na watu wakalia. Binti yake, Catrin, ndiye aliyeniomba nizungumze. "Wewe peke yako ndiye uliyemwelewa baba mwishoni," aliniambia kwenye simu. "Tafadhali, mpe maneno machache ya kwao." Nikampa. Waliohudhuria hawakufika ishirini, majirani na wafanyakazi wenzake Catrin, watu wa Birmingham watupu, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua Kiwelisi. Kutoka mji wa kwao marehemu, kule Welisi, hakuja mtu. Mafuriko yalikuwa yamefunga barabara wiki ile, na kusema kweli niliomba dua maji yasipungue. Basi nikaweka mikono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema taratibu kwa sauti ya mtu anayeomboleza: huyu ndiye aliyeua kondoo wa mjane akanitwisha mimi, huyu ndiye aliyenyamaza mimi nikifukuzwa, na leo nimekuja kuhakikisha kwamba amekufa. Mama mmoja wa safu ya mbele alijifuta machozi. Baadaye alinishika mkono akaniambia lugha ile ni tamu sana. Nikamwambia ni tamu kweli.

Haya nayaandika kwa Kiswahili, ambacho Catrin hakijui, na ambacho wanangu wenyewe wanakisikia lakini hawakisomi. Nikiwasemesha wananijibu Kiingereza. Kwa hiyo sina hofu ya kusomwa nyumbani, wala siandiki ili nisamehewe. Naandika kwa sababu nimechoka kuwa peke yangu ninayejua. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Serikali yetu Zanzibar ilikuwa imenileta masomoni Uingereza, na chuo kikanituma mwaka mmoja wa vitendo katika mji mdogo wa wafugaji kule Welisi, ambao jina lake sitalitaja, kwa vile wao pia hawakulitaja langu vizuri hata siku moja. Mji wa kale huo, wenye ngome ya mawe iliyobomoka juu ya kilima, mnara wa saa, makanisa manne na mitaa miwili ya maana. Lakini mimi uliniteka kwa kitu kingine. Kila alichohitaji mkulima kilikuwa mahali pamoja: duka la Bwana Tudur la chakula cha mifugo na dawa, uwanja wa mnada nyuma yake, daktari wa mifugo ng'ambo ya barabara, na fundi wa matrekta pembeni. Mkulima alishuka mlimani Alhamisi asubuhi na kondoo anayechechemea, mashine ya kukatia sufu iliyokwama na swali kuhusu minyoo, na saa nane mchana alipanda tena kwake hana shida hata moja. Nilikuwa na daftari, na ndani yake nilichora kituo kama hicho, kaunta, stoo, chumba cha daktari, zizi la mnada, nikaandika juu yake Wete, Pemba. Nilihitaji kitu kimoja tu, ripoti nzuri ya Bwana Tudur mwisho wa mwaka, ili nirudi nikaanze.

Nilipanga chumba kwa Bi Megan, mwanamke mpweke wa miaka sitini hivi, mkabala na duka. Chumba kilikuwa juu ya jikoni, kidogo, karatasi za maua ukutani, na joto lake lote lilitoka kwenye jiko la chuma la chini, kwa hiyo usiku nililala na harufu ya chochote alichopika. Alipika supu ya kondoo na viazi na karoti, na aliponiona siku ya kwanza nikiizungusha kijiko bila kula, aliuliza, akasikiliza, na tangu siku ile akawa ananipikia yangu bila nyama katika sufuria yake mbali, yenye mkono uliofungwa uzi mwekundu, asije akazichanganya. Alioka mkate mweusi wenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai tangu jana yake, akaupaka siagi unene wa kidole. Aliniita cariad, yaani mpenzi, neno ambalo alimwita pia paka wake na muuza samaki. Najua watu watanicheka, lakini nilimpenda yule mama. Nayasema haya ili ieleweke kwamba niliyotendewa baadaye sikutendewa na watu wabaya. Watu wabaya ningewasahau zamani.

Dukani mambo yalikuwa mengine. Wakulima walikuja wakaegemea kaunta, kofia mkononi, na mazungumzo yao ya Kiwelisi yalijaa duka zima. Mimi nikitokea kutoka stoo, wote kwa pamoja waligeuka Kiingereza wakaanza kusema habari za mvua. Kwao ilikuwa adabu. Kwangu ilikuwa ni kufungiwa mlango kwa heshima. Nikamwambia Bi Megan anifundishe. Alifurahi mno, na alikuwa mwalimu mkali: yai la asubuhi hulipati mpaka uliombe sawasawa, chumvi hivyo hivyo, na ikifika majira ya baridi hupati kutoka mezani mpaka umemsimulia siku yako yote. Kufikia Januari nilikuwa nasikia karibu kila kitu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu, nalitaja mwenyewe kabla sijataja ya wengine. Dukani sikumwambia mtu. Mwanzo niliona haya, nikaogopa kuchekwa, kisha nikanogewa. Nilipanga vichupa vya dawa ya minyoo nikiwasikia wakinijadili, kama nitaolewa, kama baridi itaniua, na nikapanda juu kumsimulia Bi Megan tukacheka mpaka paka akakimbia. Aliyejua kwamba najua alikuwa yeye tu.

Sasa Emrys. Alikuwa mpwa wa Bwana Tudur, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye mabega mapana na sauti nzuri ya kwaya, ndiye mpakiaji na dereva wa mzigo. Mimi niliandika karatasi ya mzigo, yeye alipakia na kupeleka. Miongoni mwa wateja wake alikuwepo Bi Olwen, mjane aliyeishi peke yake shamba la juu kabisa na kundi la kondoo majike ambalo mumewe alilichagua mmoja mmoja kwa miaka. Ilikuwa desturi pale kwamba mpeleka mzigo hamwachii mjane magunia mlangoni. Humwagia chakula kwenye pipa kubwa la chuma ndani ya banda, akaondoka na magunia matupu, mama asije akaumia mgongo. Desturi nzuri, na ndiyo iliyowaua kondoo wake. Maana magunia yetu yote yalikuwa ya karatasi ya kaki, sura moja. Kilichotofautisha ni kipande cha rangi kilichoshonewa mdomoni, kijani kwa kondoo, buluu kwa ng'ombe. Chakula cha ng'ombe kilitiwa shaba. Ng'ombe anaihitaji, kondoo haiwezi. Wala haimuui leo wala kesho. Inajikusanya kwenye ini wiki baada ya wiki, naye anakula vizuri na kunenepa, mpaka siku moja tu macho yanakuwa ya manjano, mkojo mweusi, na kesho yake amelala chini. Rundo la buluu lilikuwa karibu na mlango wa stoo, la kijani lilikuwa mwisho. Ijumaa jioni Emrys alikuwa na haraka ya mazoezi ya kwaya. Mimi nimeandika kondoo, yeye anabeba yaliyo karibu, anafika, anamwaga kwenye pipa, hakuna wa kuona rangi.

Mwezi wa Machi, wamebakiza majuma matatu kuzaa, kondoo wa Bi Olwen walianza kufa. Nilipelekwa juu pamoja na daktari wa mifugo kumshikia taa na vyombo. Bi Olwen alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya banda, koti la mumewe mabegani, na kila kondoo aliyeanguka alimwita kwa jina. Daktari alimpasua mmoja, akanionyesha figo nyeusi tititi, akasema neno moja, shaba. Zaidi ya nusu ya kundi walikwenda katika siku tano, na wanakondoo tumboni mwao. Niliporudi dukani, nguo zangu zikiwa bado na harufu ya lile banda, niliingia chumba cha nyuma kuchemsha maji. Ofisi ya Bwana Tudur ilitenganishwa na chumba kile kwa ubao mwembamba tu. Emrys alikuwa analia. Alisema kwa Kiwelisi, na nakumbuka kila silabi, kwamba ni yeye, kwamba aligundua wiki mbili nyuma alipoona vipande vya buluu kwenye magunia matupu, akayachoma, akadhani labda hakitatokea kitu. Wiki mbili. Angesema siku ile, lile pipa lingemwagwa na wengi wangepona. Bwana Tudur akasema, "Wewe utaishi hapa maisha yako yote, na Olwen utakutana naye kila Jumapili. Yule msichana anaondoka kiangazi." Nikasikia kitabu cha karatasi za mzigo kikifunguliwa na ukurasa ukichanwa. Birika lilichemka likapiga filimbi, nami nikaliondoa motoni nikawatengenezea chai wote wawili, kwa sababu mikono yangu haikujua la kufanya jingine.

Kikao kilikuwa juu ya duka, katika chumba cha kuhifadhia mbegu. Alikuwepo Bwana Tudur, Emrys, daktari na Bi Olwen. Bwana Tudur akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba oda niliipokea mimi, niliandika ng'ombe mahali pa kondoo, na kwamba hata kopi nimeiondoa. Emrys aliangalia sakafu. Nikasema hapana, nikasema nilichokisikia, nani alisema na wapi. Chumba kizima kikanikodolea macho. "Kwa lugha gani?" akauliza daktari. Nikajibu, kwa Kiwelisi. Bwana Tudur akatabasamu kwa kunionea huruma, akasema maskini amechanganyikiwa, mtoto huyu hajawahi kusema neno la Kiwelisi humu ndani. "Muulizeni Bi Megan," nikasema. "Yeye ndiye mwalimu wangu." Wakamwita. Alivuka barabara na aproni yake, mikono ina unga, akasimama mlangoni. Alimtazama Bwana Tudur, mzee wa kanisa lake na mwenye nyumba aliyokuwa akiishi. Alimtazama Bi Olwen. Mimi hakunitazama. "Anajua kuomba chai na mkate," akasema kwa Kiingereza. "Binti mzuri sana. Lakini zaidi ya hapo, hapana." Mtu ataniuliza, na nimejiuliza mwenyewe mara elfu: kwa nini hukumjibu kwa Kiwelisi pale pale, ukawaumbua? Nilifungua mdomo. Halikutoka neno. Sentensi zote nilizomsimulia yule mama mezani kwake miezi minane zilinikimbia kwa pamoja, nikabaki naguna tu, na Bi Olwen akanitemea mate miguuni.

Ripoti iliandikwa uzembe uliosababisha vifo vya mifugo. Ilifika Zanzibar kabla ya barua yangu, na udhamini ukakatwa. Sikuwa na uso wa kurudia. Nilipanda basi nikashuka stesheni ya Digbeth, hapa Birmingham, na sanduku moja, kwa sababu nilisikia huku wapo watu wa kwetu, na wiki ileile nilikuwa nafagia kiwanda Tyseley. Nimefagia, nimepika, nimelea wazee wa watu, nimeolewa na mwanamume mwema wa Mombasa, nimezaa watatu. Maisha mazuri, silalamiki. Lakini kituo cha Wete hakikujengwa. Na kuna jambo moja nililolifanya miaka yote hiyo ambalo hata mume wangu hakulielewa. Nilikitunza Kiwelisi. Kila asubuhi, nikikatakata vitunguu jikoni, nilifungua redio ya kwao, habari, bei za mnada, mahubiri, nikarudia kila walichosema kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na machozi ya vitunguu yananitoka. Wanangu walidhani ni kichaa changu kidogo. Haikuwa mapenzi ya lugha. Nilikuwa najiandaa. Sikujua kwa lini wala kwa nani, ila niliapa kwamba nikifungua mdomo mara ya pili maneno yatatoka.

Baba Idi, mume wangu, alipigwa na kiharusi mwaka jana mwanzoni mwa vuli. Chepesi, alhamdulillahi, mkono wa kushoto tu na mguu kidogo. Wodi ilikuwa ya vitanda sita. Siku ya pili nikiwa namlisha uji, akaletwa mzee mmoja kitanda cha mbele yetu, na nesi akaandika jina lake kwenye ubao. Nilisoma lile jina, na kijiko kikagonga meno ya Baba Idi. "Wewe mwanamke," akaniambia, "wataka kunitoa na haya yaliyobaki?" Mabega yalikuwa yameanguka na kichwa kimekuwa cheupe, lakini alikuwa yeye. Kiharusi kilikuwa kimemtoa Kiingereza chote. Hakukisema wala hakukielewa tena, na akisemeshwa alitikisa kichwa kukubali chochote, hata nesi alipomuuliza kama ana mimba ili kuwachekesha wenzake. Kiwelisi kilibaki, kizito kizito, na hakuna aliyekijua. Mkalimani wa hospitali aliahidiwa kwa simu kila siku kwamba atakuja kesho. Binti yake, Catrin, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikaa naye na simu ya kutafsiri ambayo ilitoa upuuzi, maana matamshi yalikuwa yameharibika. Alizaliwa na mama wa Kiingereza, wazazi wakaachana mapema, akalelewa Birmingham. Baba yake alikuwa amekuja kwake wiki moja tu kumtembelea, maradhi yakamkuta huku.

Siku nne nilikaa nikasikiliza. Alisema jua linamchoma machoni, nikaliacha pazia. Alisema miwani imeanguka chini ya kitanda. Niliiona, nikaiacha. Aliuliza amefungiwa nyumbani kwa nani. Sitasema roho iliniuma, kwa sababu haikuuma. Ilikuwa na raha, raha ya kukaa karibu na moto siku ya barafu. Baba Idi si mjinga. "Yule mzee asemani?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Hujui? Si ndicho kile cha redio yako?" Nikamwambia ale uji wake. Siku ya tano Catrin akaanza kulia pale kitandani. Ilikuwa lazima atie saini Jumatatu, kama baba yake atapelekwa nyumba ya wazee ya hapa karibu naye au atafutiwe kule kwao, naye baba alikuwa anarudia sentensi moja ile ile tangu asubuhi, na binti hakuwa anaielewa. Baba Idi, Mungu ampe maisha, hakuweza kuvumilia. Akamwita kwa Kiingereza chake cha Mombasa. "Mwanangu, usilie. Mke wangu huyu ajua lugha ya babako."

Nikasimama, nikavuka ile sakafu. Emrys alinishika kiganja. Alisema, na safari hii kila neno nililisikia wazi: nipeleke nyumbani, nisife huku kwa watu nisiowajua, mwambie binti yangu anipeleke nyumbani. Catrin alinikodolea macho mekundu. "Anasema nini?"

"Anasema," nikamjibu, "anataka kubaki hapa, karibu na wewe."

Yule binti alifunika mdomo kwa mikono. Akambusu baba yake kila mahali, kipaji, mashavu, vidole, na baba akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila kitu. Manesi walifurahi, na mkalimani akafutwa, hahitajiki tena. Nilirudi kwa Baba Idi nikampangusa mdomo. Alikuwa ananitazama. "Mbona binti acheka na mzee alia?" akauliza. Nikamwambia ni furaha. "Haya," akasema, akageukia ukutani. Tangu siku ile hajawahi kuniuliza tena, na kutoniuliza kwake ndiko kunakonisumbua zaidi kuliko mengine yote.

Jumatatu Catrin alikuja na fomu na picha za ile nyumba ya wazee, bustani, chumba chenye dirisha. Alimwonyesha baba yake moja moja. Emrys alizitazama, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiwelisi hizi picha za nini. Catrin alikuwa anatafuta kalamu mkobani. Nikainama, nikamwambia mimi ni nani. Nilimtajia duka, ule ubao mwembamba, magunia ya buluu, wiki mbili. Maneno yalitoka yote, yamejipanga, hata moja halikukwama, na katika maisha yangu sijawahi kusema lugha yoyote vizuri namna ile. Kisha nikamwambia nilichomwambia binti yake. Nilitaka ajue. Kisasi ambacho mtu hakijui nilikiona ni kama kumpigia kelele kiziwi.

Hakukasirika. Macho yalimtoka, na upande mmoja wa uso, ule mzima, ukaanza kutetemeka. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyepakia. Olwen alikufa akidhani ni wewe, na mimi nililibeba jeneza lake." Akapumua kwa shida. "Mwambie Catrin. Mwambie yote, aandike, awapelekee kule, wapo ambao bado wanalisema jina lako. Nitatikisa kichwa, nitatia kidole, nitafanya lolote. Ila mwambie pia anipeleke nyumbani. Nimeacha kondoo kumi na wawili, sijui nani anawalisha."

Basi, ungamo lilikuwa hapo, lile nililolilia miaka thelathini na zaidi, limewekwa mkononi mwangu na mwenyewe. Na hakuwa akinidanganya, nilimjua. Binti angeandika, mji ungejua, watoto wa Bi Olwen kama yupo aliye hai wangejua. Ila kulichukua nilipaswa kumgeukia Catrin na kusema: juzi nilikudanganya. Nilipaswa kuwa mwongo mbele yake, kwa kinywa changu, ili niache kuwa mwongo mbele yao. Na huyu angerudi kwenye kitanda chake, majirani wakimsemesha kwa lugha yake, dirisha likitazama ngome. Nilijiuliza nani alinipeleka mimi nyumbani. Catrin alikuwa ameipata kalamu.

"Anasema nini?" akauliza. "Amesema maneno mengi leo."

"Anasema ameridhika," nikasema. "Anasema usihangaike kumpeleka popote pengine."

Emrys alifumba macho. Catrin alitia saini, akaweka fomu pembeni, akanishika mikono yote miwili, akalia kwa kwikwi kama mtoto, akaniambia maisha yake yote alikuwa akingoja kusikia kwamba baba yake anataka kuwa naye. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nikamwachia yangu mpaka alipotosheka.